Usalama wa ndege Tanzania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mwaka 2016 Shirika la Ndege Tanzania, ATCL (Air Tanzania), lilikuwa karibu halina ndege ya kurusha. Leo lina Q400, Airbus A220, Boeing 787, 737 MAX na 767 ya mizigo. Viwanja vya mikoani vinapanuliwa, na anga kati ya Dar es Salaam, Zanzibar na mbuga za kaskazini imejaa ndege ndogo za watalii. Kisha, Juni 2025, Umoja wa Ulaya ukayafungia mashirika yote ya ndege yenye vyeti vya Tanzania. Tangu hapo maswali hayakatiki, na mengi yanastahili majibu marefu kuliko yanayotolewa kwenye matangazo rasmi.

Niogope kupanda ndege ya ndani?

Hapana. Ndege za abiria zinaruka na kutua salama nchini kila siku, na barabara zetu zinaua watu wengi zaidi mwaka hadi mwaka. Ila jibu hilo lisitumike kuwanyamazisha wanaouliza. Kasoro zipo, zimeandikwa, zinajulikana, na nyingi hazihusu rubani aliyekaa mbele yako. Zinahusu watu usiowaona: mkaguzi, mwongoza ndege, mhandisi wa zamu ya usiku, zimamoto wa kiwanja cha mkoani.

Kwa nini soko linalokua haraka ndilo lenye wasiwasi? Si kukua ni kuzuri?

Kukua ni kuzuri. Tatizo ni kwamba vitu haviendi kwa mwendo mmoja. Ndege unaweza kuiagiza leo na baada ya miaka miwili mitatu ikatua Dar es Salaam ikamwagiwa maji na magari ya zimamoto, watu wakashangilia. Mkaguzi anayeweza kuingia ndani ya ndege hiyo, akafungua kumbukumbu zake za matengenezo, akaona kipuri kimebadilishwa bila karatasi yake, akamwambia meneja "hii hairuki leo", hapatikani kwa muda huo. Kwa kawaida ni mtu aliyekuwa nahodha au mhandisi mwenye leseni kwa miaka mingi, kisha akasomea ukaguzi, kisha akasomea aina ile ile ya ndege anayokwenda kuikagua. Na akishaiva, shirika la Ghuba linamwita kwa mshahara ambao ofisi ya serikali haiufikii.

Angalia tena orodha ya ndege za ATCL hapo juu. Ni aina tano, kutoka kwa watengenezaji watatu tofauti, katika shirika moja ambalo si kubwa. Kila aina inataka marubani wake, wahandisi wake, vipuri vyake, na msimamizi anayeijua. Shirika lenye ndege hamsini za aina moja ni rahisi kulisimamia kuliko lenye ndege kumi na kitu za aina tano. Hili husemwa mara chache, kwa sababu kila ndege mpya inapokelewa kwa shangwe.

Anga nayo inajaa. Tarehe 5 Machi 2024, jijini Nairobi, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa imetoka Wilson iligongana angani na Cessna 172 ya mafunzo. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Mwanafunzi na mwalimu wake waliokuwa kwenye Cessna walikufa. Wilson ni kiwanja ambacho shule za urubani, ndege za watalii na ndege za abiria zinatumia anga moja kwa saa zile zile. Kila anayeruka kati ya Dar, Zanzibar na Arusha anapaswa kulifikiria tukio hilo kama jambo la nyumbani.

Nani anasimamia nini?

Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ndiyo inayotoa leseni za marubani na wahandisi, vyeti vya mashirika, na kukagua. Hiyo hiyo ndiyo inayoongoza ndege angani. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, TAA, inaendesha viwanja vya Bara. Zanzibar ina mamlaka yake ya viwanja. Ajali zinachunguzwa na kitengo kilicho chini ya wizara. Juu ya yote hayo lipo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lenye makao Montreal na nchi wanachama 193. ICAO haikagui ndege moja moja. Inaikagua serikali: sheria zake, taasisi zake, inavyotoa leseni, inavyosimamia urushaji wa ndege na ubora wa ndege zenyewe, inavyochunguza ajali, inavyoongoza ndege na inavyosimamia viwanja.

Umoja wa Ulaya umetufungia. Maana yake hasa ni nini?

Mambo yalikuja kwa hatua mbili. Desemba 2024 ilifungiwa Air Tanzania peke yake, baada ya wakala wa usalama wa anga wa Ulaya, EASA, kulinyima kibali ambacho kila shirika la nje linakihitaji ili kuingia anga ya Ulaya. Juni 2025 wakafungiwa wote wenye vyeti vya Tanzania, kwa pamoja na wale wa Suriname.

Hatua ya pili ni nzito zaidi ya ya kwanza, na watu wengi hawakuiona tofauti. Ukifungia shirika moja, unasema shirika hilo lina matatizo. Ukifungia mashirika yote ya nchi, likiwemo lile lenye ndege safi na rekodi safi, unasema humwamini aliyewapa vyeti. Sababu zilizotolewa zilihusu usimamizi: wataalamu wenye sifa hawatoshi, na ukaguzi wa urushaji na wa ubora wa ndege haufanyi kazi inavyotakiwa na viwango vya kimataifa. Lawama ilielekezwa kwa serikali.

Kwa vitendo, marufuku inahusu anga na viwanja vya nchi za Umoja huo. Ndege ya kutoka Dar kwenda Mwanza haiguswi. Mtalii Mjerumani hajakatazwa kupanda ndege ndogo kwenda Serengeti. Lakini sheria ya Ulaya inamtaka anayemuuzia safari amwambie ni shirika gani litakalomrusha, na kampuni nyingi za utalii hazitaki kumuuzia mteja tiketi ya shirika lililo kwenye orodha ile, wala bima zao hazifurahii. Kwa hiyo anayeumia kwanza ni mwenye kampuni ndogo ya Arusha au Zanzibar, ambaye pengine anafuata taratibu zote. Ndiyo maana naona si haki kulichukulia jambo hili kama ugomvi wa kisiasa na wazungu. Tukilijibu kwa hasira tutabaki kwenye orodha, na yeye ataendelea kulipa.

Kwa hiyo ndege zetu mpya ni mbovu?

La. Mwaka 2022 baadhi ya A220 zilisimama kwa sababu ya tatizo la injini ambalo liliyasumbua mashirika mengi duniani. Watu walilalamika kwamba mabilioni yameegeshwa uwanjani. Kifedha walikuwa na haki. Kiusalama, kusimamisha ndege yenye injini isiyo sawa ndicho hasa tunachokitaka.

Nini kilitokea Bukoba?

Tarehe 6 Novemba 2022, kabla ya saa tatu asubuhi, ATR 42 ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilikuwa inajaribu kutua Bukoba katika mvua na mawingu mazito. Kiwanja cha Bukoba kimebanwa kati ya mji, vilima na Ziwa Victoria. Ndege ikaangukia ziwani, karibu kabisa na kiwanja. Ilikuwa na watu 43. Walikufa 19, wakiwemo marubani wote wawili, 24 waliokolewa.

Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi. Walikuja kwa mitumbwi, wakiwa na makasia na kamba, bila mafunzo wala vifaa, wakasaidia kutoa watu kupitia mlango wa nyuma. Baadaye wananchi na waokoaji walifunga kamba wakaivuta ndege kuelekea ufukweni, watu wakiwa wamesimama kwenye maji mpaka kifuani. Ripoti ya awali ya wachunguzi ilieleza kwamba boti ya uokoaji ya polisi ilichelewa kufika, na kwamba oksijeni ya wapiga mbizi na mafuta havikutosha.

Rudia sentensi hiyo ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayoniuma. Kiwanja kiko kando ya ziwa. Ndege zinapita juu ya maji kila siku. Ajali ya namna hii haikuwa jambo la kufikirika tu. Ilipaswa kuwa ukurasa wa kwanza wa mpango wa dharura, yenye zoezi lake, boti yenye tangi limejaa, mitungi imepimwa wiki ile, na namba za simu za viongozi wa wavuvi wa mwalo ule. Hivyo vyote kwa pamoja ni bei ndogo sana ukilinganisha na tairi na matengenezo ya ndege moja.

Yapo mengine ya kujifunza kuhusu uamuzi wa kutua katika hali mbaya ya hewa, na kuhusu viwanja ambavyo havina mitambo ya kumsaidia rubani asiyeiona njia ya kurukia. Mpango wa kiwanja kipya cha Kajunguti, wilayani Missenyi, umezungumzwa miaka mingi. Ila hata kabla ya kiwanja kipya, rubani anahitaji kujua kwamba akigeuza akarudi Mwanza na abiria wakakasirika, hakuna bosi atakayemuuliza kwa nini amechoma mafuta bure.

Mbona ripoti za ajali hazisemi nani wa kufungwa?

Kwa sababu si kazi yake. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao Tanzania imeuridhia, una viambatisho 19. Kile cha 13 kinasema wazi kwamba uchunguzi unafanywa ili kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Ripoti ya awali inatakiwa ndani ya siku 30, na ya mwisho, ikiwezekana, ndani ya miezi 12. Polisi na mahakama wana njia yao tofauti.

Mtu aliyepoteza ndugu anaweza kuona hili ni kuwalinda wakubwa. Naelewa. Lakini fikiria mhandisi aliyesahau kukaza skrubu, akakumbuka akiwa kitandani saa nane usiku. Katika nchi ambako kukiri ni kufukuzwa kazi, atageukia upande wa pili alale, na ndege itaruka alfajiri. Tunamtaka apige simu. Kwa hiyo shirika linalotaka usalama linatenganisha kosa la kibinadamu na uzembe wa makusudi, na linamshukuru anayejitaja. Huu ni utamaduni mgumu kuujenga kwetu, ambako mdogo hamwambii mkubwa kwamba amekosea. Rubani msaidizi kijana anayemwita nahodha wake "mzee" inabidi afundishwe, tena na tena, kumwambia: "Mzee, tumeshuka mno, tupande." Na mzee afundishwe kupanda kwanza, kuuliza baadaye.

Zanzibar nilipandishwa kwenye mizani mbele za watu. Ni lazima?

Ndiyo, na mshukuru aliyefanya hivyo. Kwenye Boeing abiria ni wengi, uzito wao unakadiriwa kwa wastani. Kwenye Cessna Caravan mko kama kumi na wawili. Wanaume wanne wanene wakikaa nyuma na mabegi ya kamera yakawekwa nyuma, mizani ya ndege nzima inabadilika. Ndiyo maana unaambiwa begi laini lisilozidi kilo 15, na ndiyo maana rubani anakuja na karatasi yake akamwambia mmoja wenu ahamie kiti cha mbele.

Mbugani inakuwa kali zaidi. Seronera, ndani ya Serengeti, iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Saa saba mchana, jua likiwa kali, hewa ya huko ni nyepesi. Injini inavuta kidogo, bawa linabeba kidogo, na ndege inahitaji njia ndefu zaidi kuondoka. Kilo 40 ambazo Dar zisingesumbua, pale zina maana. Mwongoza watalii anayembembeleza rubani aongeze "begi moja tu la bosi" hajui anachoomba.

Na wanyama kwenye viwanja vya mbugani?

Ni hatari ya kweli. Gari la askari wa hifadhi linatakiwa lipite kwenye njia ya kurukia kabla ya ndege kutua, kufukuza nyumbu, ngiri na swala. Rubani makini hupita juu mara moja aangalie mwenyewe. Novemba 2023, kwenye kiwanja cha Kikoboga ndani ya Mikumi, ndege mbili za kampuni moja zilipata ajali siku moja, hakuna aliyekufa.

Tulinunua rada. Si zinatosha?

Watanzania wanaikumbuka rada kwa sababu ya "chenji". Mtambo ulionunuliwa kutoka BAE Systems ya Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulilalamikiwa kuwa ghali kuliko mahitaji, na kampuni hiyo ikaishia kurudisha pauni milioni 29.5, zilizokwenda kwenye elimu. Baadaye serikali iliagiza rada nne kutoka kampuni ya Thales: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Hizo zimebadilisha kazi ya waongoza ndege. Zamani sehemu kubwa ya anga yetu ilisimamiwa kwa rubani kutaja mwenyewe kwa redio yuko wapi.

Rada haitoshi peke yake. Inataka fundi wa kuitunza, umeme usiokatika, na mwongoza ndege ambaye hajafanya zamu mbili mfululizo.

Serikali inamiliki ATCL, na TCAA ni ya serikali. TCAA inaweza kweli kuisimamisha ndege ya serikali?

Hili ndilo swali bora kuliko yote yaliyomo humu. Jibu la kihistoria ni ndiyo: Desemba 2008 TCAA ililinyang'anya ATCL cheti cha kurusha ndege kwa kutokidhi matakwa ya usalama, na shirika likakaa chini wiki kadhaa. Nauli ziliyumba, abiria walikwama, wanasiasa walikasirika. Naiona kuwa miongoni mwa siku bora za mamlaka ile.

Lakini usalama usitegemee ushujaa wa mkurugenzi mmoja. Leo shirika, viwanja, msimamizi na mchunguzi wa ajali wote wako kwenye wizara moja, na msimamizi huyo huyo anaendesha huduma ya kuongoza ndege, maana yake anajikagua. Ningependa kuona mambo matatu kwenye sheria: uongozaji wa ndege uwe taasisi yake, mchunguzi wa ajali asiwe chini ya waziri anayesimamia shirika, na TCAA iruhusiwe kulipa wakaguzi wake mishahara ya soko la anga, nje ya ngazi za kawaida za utumishi wa umma. Hilo la tatu ndilo gumu kupitishwa, na ndilo ningeanza nalo.

Kuna nchi iliyowahi kutoka kwenye hali hii?

Zipo. Indonesia ilikuwa soko linalokua kwa kasi kuliko tulivyo sisi, visiwa maelfu, mashirika mapya kila mwaka. Baada ya mfululizo wa ajali Ulaya iliyafungia mashirika yake yote mwaka 2007, na Marekani, ambayo huzipanga nchi kwa madaraja mawili kulingana na usimamizi wao wa usalama wa anga, ikaishusha hadi la pili mwaka ule ule. Shirika lake la taifa, Garuda, lilikuwa miongoni mwa yaliyotolewa kwanza, 2009. Marekani ilirudisha daraja la kwanza 2016. Mashirika yote yalifunguliwa Juni 2018. Miaka kumi na moja. Na Oktoba 2018, miezi michache tu baadaye, 737 MAX ya Lion Air ilianguka baharini na watu 189, kutokana na kasoro ya muundo wa ndege, lakini pia mambo ya matengenezo na taarifa za safari zilizotangulia. Kwa hiyo kutoka kwenye orodha si kumaliza kazi.

Nigeria ndiyo inayotuhusu zaidi. Oktoba na Desemba 2005 ajali mbili ziliua zaidi ya watu mia mbili. Ya pili, Port Harcourt, iliua wanafunzi 60 wa shule moja waliokuwa wanarudi nyumbani kwa likizo. Wazazi waliandamana. Mwaka 2006 ikapitishwa sheria iliyoipa mamlaka ya anga uhuru wake, na Agosti 2010 Marekani ikaipa daraja la kwanza. Ilikuja ajali nyingine kubwa Lagos mwaka 2012, lakini sheria ilibaki.

Kenya ilipata daraja la kwanza la Marekani Februari 2017, na Oktoba 2018 ndege ya Nairobi kwenda New York ikaanza kuruka moja kwa moja. Majirani tunaweza kuazimana wataalamu pia: CASSOA, wakala wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioko Entebbe, upo tangu 2007 kwa kazi hiyo hasa, na hatuutumii kadiri inavyowezekana.

Mimi abiria wa kawaida nifanye nini?

Sikiliza maelezo ya usalama hata kama umeyasikia mara mia, hasa ukiruka juu ya ziwa au bahari: papasa chini ya kiti uhakikishe boya lipo, na usilijaze upepo ukiwa bado ndani ya ndege, maana maji yakiingia litakubana kwenye dari. Hesabu viti mpaka mlango wa dharura. Wageni wako waambie wataje uzito wao wa kweli. Rubani akigeuza kwa sababu ya hali ya hewa, usimzomee. Na ukiona kitu, mkanda usiofunga, rubani anayeonekana amelewa, ndege ndogo iliyopakiwa kupita kiasi, andika tarehe, saa na namba ya usajili iliyo ubavuni, ile inayoanza na 5H, uipeleke TCAA kwa maandishi. Simu husahaulika, barua inabidi ijibiwe.